Nani Anaifunga Mikono ya Mfanyakazi Wetu?

Ndugu wasomaji, tuanze na kisa kidogo. Katika msikiti mmoja tunaoufahamu palikuwa na mhudumu aliyeajiriwa kufagia, kutandika mikeka na kuhakikisha maji yapo. Hiyo ndiyo kazi aliyotajiwa siku ya kwanza, na ndiyo aliyolipwa. Lakini bwana yule hakukomea hapo. Aliwaona wazee wakipata taabu kuinama kwenye mabomba ya kutawadhia, akaokota mbao zilizobaki baada ya ujenzi, akaunda kibao cha kukalia. Aliona viatu vikichanganyika kila Ijumaa, akapanga mbao juu ya matofali, kila mtu akapata pa kuweka vyake. Alimjua mzee ambaye macho yake hayaoni vizuri gizani, akawa anamngojea ngazini baada ya sala ya Isha. Hapana aliyemtuma kufanya hayo.

Siku moja mjumbe wa kamati akakiona kile kibao, akauliza mbele ya watu ni nani aliyempa ruhusa ya kutumia mali ya msikiti. Mhudumu akajieleza. Akajibiwa kwamba yeye ameajiriwa kufagia, hakuajiriwa kuamua. Baadhi ya waliokuwapo wakacheka, na wengine, tukiwemo sisi, tukanyamaza. Kibao kikaondolewa.

Tangu siku ile msikiti unafagiwa vizuri, mikeka inatandikwa kwa wakati na maji hayakosekani. Lakini wazee wanainama kama zamani, viatu vinachanganyika kama zamani, na yule mzee anashuka ngazi kwa kupapasa ukuta. Hapana anayeweza kumshitaki mhudumu yule kwa kosa lolote, kwani anatimiza kila alichoagizwa. Nasi twauliza: ni nani aliyeipunguza kazi ya msikiti ule? Je, ni yule aliyeshika ufagio, au ni sisi tuliosimama pembeni tukicheka na kunyamaza?

Tumekianza kisa hiki kwa sababu malalamiko juu ya wafanyakazi yamejaa vinywani mwetu. Tunalalamika kwamba muuguzi hana moyo, karani hana adabu, mlinzi anasinzia, mwalimu anafundisha kilichomo kitabuni tu na kwenda zake. Mara nyingi malalamiko hayo ni ya haki. Lakini ni nadra kwetu kuuliza swali la pili: watu wanaomzunguka mfanyakazi huyo wamemfundisha nini juu ya kazi yake? Rai yetu katika makala haya ni kwamba kazi ya mtu haikui wala haidumai kwa barua ya ajira peke yake. Hukua au hudumaa kwa salamu, kwa sikio na kwa kauli za watu anaofanya kazi pamoja nao, na za wale anaowahudumia.

Karatasi moja, kazi mbili

Jambo hili si maneno ya barazani tu. Mwaka 2001 wataalamu wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, walichapisha makala ambayo tangu hapo imefuatwa na tafiti nyingi katika nchi mbalimbali. Kabla yake, wengi walioandika habari za kazi waliutazama zaidi upande wa mwajiri: yeye ndiye mwenye kuipanga kazi, na mfanyakazi ni wa kuipokea kama mtu apokeavyo kanzu iliyokwisha kushonwa. Wataalamu hawa wakasema kuwa mfanyakazi naye ni mfinyanzi, na kwamba kila siku huifinyanga kazi yake kwa njia tatu. Kwanza, huvibadili vitendo vyenyewe: huongeza hiki, hupunguza kile, au hukifanya kwa namna nyingine. Pili, hubadili watu anaoshughulika nao na jinsi anavyoshughulika nao. Tatu, hubadili namna anavyoielewa kazi yake moyoni. Maana ajionaye mbeba ndoo na ajionaye msaidizi wa tiba huenda wote wamebeba ndoo ya aina moja.

Mfano wao mashuhuri ni wa wahudumu wa usafi katika hospitali moja ya Marekani. Watafiti walizungumza na wahudumu 28. Katika karatasi, kazi yao wote ilikuwa moja, nayo ni kusafisha. Lakini walipoulizwa kazi yao ni nini, majibu yao yalikuwa kama ya watu wa kazi mbili zisizojuana. Wapo waliosema kwamba ni kazi ya kuchosha, isiyohitaji ujuzi wowote. Hawa walifanya kilichoandikwa na kujiepusha na watu. Na wapo waliosema kwamba wao ni sehemu ya uponyaji. Hawa waliongea na wagonjwa na wageni wao, na walipanga saa za kusafisha kwa kuangalia mwenendo wa kazi za wauguzi, ili wasikwamishane. Mwingine aliwaza kuhusu wagonjwa waliolala bila fahamu, akawa anazihamisha picha za ukutani katika vyumba vyao, kwa kutarajia kwamba huenda badiliko dogo la chumba likawafaa kwa njia asiyoijua.

Barry Schwartz na Kenneth Sharpe, katika kitabu chao cha mwaka 2010 kuhusu hekima ya vitendo, wamesimulia habari za wahudumu wa namna hiyo. Mmoja aliacha kupiga deki kwenye ukumbi kwa kuwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa alikuwa akijikaza kutembea hapo. Mwingine aliacha kusafisha chumba cha wageni, ingawa msimamizi alimwagiza, kwa kuwa ndugu wa mgonjwa waliokesha siku nyingi walikuwa wamepitiwa na usingizi humo. Wa tatu alikwisha kusafisha chumba cha kijana aliyelala bila fahamu, kisha baba wa kijana akarudi kutoka nje akamkemea kwamba hakusafisha. Mhudumu hakubishana naye; akakisafisha chumba kile mara ya pili, safari hii mbele ya macho ya yule baba. Alitambua kwamba mtu yule, baada ya miezi ya kukesha pembeni ya kitanda cha mwanawe, hakuwa na haja ya kushindwa hoja.

Tuzingatie jambo moja hapa. Kwa hesabu ya karatasi, wahudumu hawa walikosea, au walipoteza muda. Kwa hesabu ya wagonjwa na jamaa zao, hao ndio walioielewa hospitali ni mahali pa nini.

Mtu hujitazama katika macho ya wenziwe

Sasa, ni kitu gani kinachomfanya mmoja awe hivi na mwingine awe vile? Wengi wetu tungejibu upesi kwamba ni tabia: huyu ni mwema na yule ni mvivu. Hatukatai kwamba tabia ina sehemu yake. Lakini mwaka 2003 Wrzesniewski na Dutton, pamoja na Gelaye Debebe, waliandika tena juu ya wahudumu wa hospitali, na safari hii walitazama yale wanayotendewa na wengine. Hoja yao ni kwamba mfanyakazi huisoma thamani ya kazi yake katika vitendo vya walio karibu naye. Daktari anapopita bila kumwona, kana kwamba ni kiti au ndoo, amemwambia jambo. Mtu anapoikanyaga sakafu mbichi bila kuomba radhi, amemwambia jambo. Muuguzi anapomwita kwa jina, au anapomkaribisha chakula wanachokula wengine, naye amemwambia jambo. Mambo haya madogo hujirudia mara nyingi kwa siku, na mtu huyajumlisha, akapata jibu la swali ambalo barua ya ajira haikulijibu: mimi hapa ni nani?

Akishapata jibu, huifinyanga kazi yake ifanane nalo. Aliyejibiwa kwamba yeye ni wa maana huipanua kazi. Aliyejibiwa kwamba si kitu huikunja, akabaki na kile kisichoweza kumletea karipio. Kwa mantiki hiyo, uzembe mwingi tunaoulaani ni ngao. Mtu amejifunza kwamba kila aliponyoosha mkono zaidi ya alichoagizwa alipigwa juu ya mkono huo, basi ameuweka mfukoni.

Mahusiano yana kazi nyingine pia, nayo ni kutoa nafasi. Mwaka 2010 Justin Berg, pamoja na Wrzesniewski na Dutton tuliokwisha kuwataja, walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa ngazi za juu na wa ngazi za chini. Mtu angedhani kwamba mkubwa ndiye anayeona njia nyeupe mbele yake. Kumbe wakubwa walijiona wamefungwa na matarajio yao wenyewe juu ya namna wanavyopaswa kutumia muda wao. Wadogo walijiona wamefungwa na matarajio ya wengine na uchache wa mamlaka, na kwa sababu hiyo walianza kwanza kujenga imani na wenzao na kutafuta ridhaa yao, ndipo wakaibadili kazi. Maana yake ni kwamba mfanyakazi wa chini hawezi kuifinyanga kazi yake peke yake. Ni lazima mtu mwingine amwachie mlango wazi. Mlango huo ukifungwa kwa neno moja la dharau, huenda usigongwe tena.

Kisha kuna suala la kuambukizana. Arnold Bakker na wenzake walichapisha mwaka 2016 utafiti juu ya wafanyakazi waliopangwa wawili wawili, wakaona kwamba namna mmoja anavyoitengeneza kazi yake huenda sambamba na namna mwenzake anavyoitengeneza yake. Na mwaka 2009 Carrie Leana na wenzake, walipochunguza vituo vya kulelea watoto wadogo huko Marekani, waligundua kwamba pale walimu walipokaa pamoja na kukubaliana wabadili nini katika kazi yao, malezi ya watoto yalikuwa bora zaidi, na faida hiyo ilionekana hasa kwa walimu wenye uzoefu mdogo. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Tulichokiona nchini mwetu

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani. Tujitazame basi sisi wenyewe.

Fikra ya kwamba mfanyakazi ni mikono tu, na akili ikae ofisini kwa wakubwa, ina historia yake. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, aliiweka wazi katika kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu uendeshaji wa kazi kwa njia ya kisayansi. Kwake yeye, kupanga ni kazi ya uongozi na kutekeleza ni kazi ya mfanyakazi, na kila tendo lipimwe na kuagizwa. Ukoloni nao ulikuwa na njia yake ya kufundisha somo hilo, kwa kiboko na kwa neno "boi" aliloitwa mtu mzima mwenye wake na watoto. Bendera ilishushwa, lakini tabia ile haikushuka yote pamoja nayo.

Mwezi Februari 1970 ulitolewa Waraka wa Rais Namba 1 ulioanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili mfanyakazi apate mahali pa kusema neno lake. Mwaka uliofuata, 1971, TANU ikatoa Mwongozo, ambao katika ibara yake ya 15 uliwakataza viongozi kibri, dharau na uonevu. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliweka zana chini, na ibara hiyo ikawa ndiyo hoja yao. Issa Shivji ameyaeleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania. Jambo la kuzingatia ni kwamba migomo mingi ya wakati ule haikuwa ya kudai mshahara. Ilikuwa juu ya lugha ya mameneja, matusi yao, na kumdharau mtu mzima mbele ya wenziwe. Walioshindwa kuelewa kwa nini mtu ahatarishe mkate wake kwa ajili ya neno la dharau hawakuelewa kazi ni nini kwa binadamu.

Upo pia mfano wa kutia moyo. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Maendeleo la Japani, JICA, utaratibu wa kuboresha kazi uliopata asili yake katika viwanda vya Kijapani na ambao hospitali ya wanawake ya Castle Street, huko Colombo nchini Sri Lanka, ilikuwa imetangulia kuutumia. Baadaye Wizara ya Afya iliusambaza katika hospitali nyingine. Hatua zake za mwanzo ni nyepesi kuzitaja: kutenga kisichohitajika, kukipanga kinachohitajika, kusafisha, kuweka kanuni moja na kuidumisha. Lakini kiini chake hakimo katika rafu na vibandiko. Kimo katika zile timu ndogo za kila idara, ambamo watu wa kada mbalimbali hukaa pamoja na kuulizana: ni nini kinachotukwamisha hapa, na sisi wenyewe tunaweza kukibadili vipi? Anayejua dawa ipi hutafutwa kwa muda mrefu ni yule anayeitafuta, na anayejua mgonjwa hupotea kwenye kona ipi ni yule anayemwelekeza njia. Maarifa hayo hayafiki kwa mkubwa mpaka mdogo awe na hakika kwamba akisema hatachekwa. Basi pale ambapo timu hizo zinakaa kwa jina tu, huku mkubwa akisema na wengine wakiitikia, rafu zitapakwa rangi na kazi itabaki kama ilivyokuwa.

Mipaka ya jambo hili

Hatutaki tueleweke vibaya. Wapo watakaosema: mkimwachia kila mtu aibadili kazi yake, si itakuwa vurugu? Swali hilo ni la haki. Kipimo cha dawa hakibadilishwi kwa sababu muuguzi ameona vinginevyo. Hesabu za fedha za waumini haziandikwi kwa namna inayompendeza mtunza hazina. Dereva wa basi hana ruhusa ya kuufinyanga mwendo upendao moyo wake. Pana kanuni zilizowekwa ili kulinda uhai na mali za watu, na kuzifuata hizo ni sehemu ya amana.

Pia si kila anayeibadili kazi yake anaibadili kwa wema. Yupo anayepunguza kazi yake kwa kumtwisha mwenzake, akachagua yale mepesi na yenye kuonekana, mazito akamwachia aliye mpole au aliye mgeni. Huyo naye anafinyanga, lakini kwa udongo wa mwenzake, na hiyo ni dhulma. Kipimo chetu kiwe hiki: je, badiliko hili linamwongezea nani faraja, na linamwongezea nani mzigo? Na je, yule anayeongezewa mzigo ameulizwa?

La tatu ndilo tunaloliogopa zaidi. Wapo waajiri ambao wakiyasoma makala haya watafurahi, wakidhani kwamba wamepata njia ya kuongeza kazi bila kuongeza ujira. Watamwita mfanyakazi "ndugu yetu", watamsifu kwa moyo wake wa kujitolea, na mwisho wa mwezi watampa kilekile kisichomtosha. Tunasema wazi kwamba heshima haichukui nafasi ya mshahara, wala mshahara hauchukui nafasi ya heshima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi maelezo ya kazi yake, saa zake na malipo yake, na mambo hayo yakibadilika, inamtaka ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi. Karatasi ile ni ngao ya mnyonge. Basi mhudumu akiendelea kufanya kazi ya ziada mwezi baada ya mwezi, na sote tukainufaikia, lililo haki ni kuitambua kazi hiyo, kuiandika na kuilipia. Kuifanya hisani ya mtu kuwa deni juu yake ni kumwadhibu kwa wema wake.

Yatupasayo

Baada ya maelezo hayo, twawiwa kusema la kufanya, kwani kulaumu bila kuonyesha njia hakumfai mtu.

Kwa waajiri na wasimamizi, miongoni mwetu wamo wenye maduka, shule, zahanati na karakana. Mfanyakazi wako akifanya jambo ambalo hukumwagiza, usianze na swali la "nani amekuruhusu?" Anza na "umeona nini hata ukafanya hivi?" Katika swali la kwanza mtu hujitetea, na katika la pili hukufundisha. Likiwa jambo lenyewe halifai, mwambie faraghani na umweleze sababu. Likiwa linafaa, liseme mbele ya watu, kwa sababu masikio ya wenzake yanasikiliza ili kujua kama nao waweza kuthubutu.

Kwa wafanyakazi wenzetu, tujue kwamba kicheko chetu kina nguvu kuliko barua ya onyo. Ni mara ngapi kijana mpya ameanza kazi kwa bidii, wakongwe wakamwita "mkereketwa" au wakamuuliza kama anataka cheo, mpaka akazoea kukaa kama wao? Aliyetangulia kazini ana deni kwa anayekuja baada yake. Amwonyeshe njia, na akimwona amebuni jambo jema, alibebe pamoja naye, asimwache peke yake mbele ya wakubwa.

Kwa sisi tunaohudumiwa, tusijitoe katika hesabu hii. Mwaka 2007 Adam Grant na wenzake walichapisha jaribio juu ya vijana wa chuo kikuu kimoja cha Marekani waliokuwa wakipiga simu kuomba michango ya kuwasomesha wanafunzi. Baadhi yao walikutanishwa, kwa dakika chache tu, na mwanafunzi mmoja aliyesoma kwa michango hiyo. Mwezi mmoja baadaye, muda waliokaa kwenye simu na fedha walizokusanya vilikuwa vimezidi mara mbili ya hapo mwanzo. Mshahara wao haukupandishwa. Waliuona tu uso wa aliyenufaika. Basi ukitoka wodini na mgonjwa wako amepona, rudi umwambie yule aliyekuwa akipiga deki usiku. Mwalimu wa madrasa aliyekufundisha kusoma, mwendee umwonyeshe umefika wapi. Neno hilo halikugharimu kitu, na huenda likawa ndilo litakalomfanya amvumilie mtoto wa mtu mwingine kesho.

Na kwa kamati zetu za misikiti, ambazo ndizo waajiri tulio karibu nao zaidi, tuna ombi mahususi. Mhudumu wa msikiti, muadhini, mlinzi na mwalimu wa madrasa waitwe katika kikao angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Wasiitwe ili wasomewe makosa. Waulizwe maswali matatu tu: mnaona nini ambacho sisi hatukioni? Mngependa kubadili nini? Mnahitaji nini kwetu ili mbadili? Kisha majibu yaandikwe, na kikao kinachofuata kianze kwa kusoma yale yaliyotekelezwa na yale yasiyotekelezwa pamoja na sababu zake. Bila hilo la mwisho, kuulizwa huku kutakuwa ni dharau nyingine iliyovishwa nguo nzuri.

Tumalizie pale tulipoanzia. Kibao cha yule mhudumu bado kipo. Kimeegeshwa nyuma ya stoo, pamoja na ndoo zilizotoboka. Misumari yake haijalegea. Kukirudisha mahali pake kunahitaji mtu mmoja na dakika tano. Lakini kumrudisha mhudumu yule alivyokuwa kunahitaji zaidi ya hapo. Kunahitaji mjumbe aliyemsema mbele ya watu amwombe radhi mbele ya watu, na sisi tulionyamaza siku ile tukiri kwamba ukimya wetu ulikuwa sehemu ya ile kauli. Hatuna hakika kama atarejea kumngojea mzee ngazini. Moyo wa mtu hauamrishwi. Tunachokijua ni kwamba hatutakuwa na haki ya kumwita mvivu mpaka sisi tuwe tumefanya sehemu yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wale ambao wakikaa na watu, watu hao huinuka na kutenda mema zaidi. Amin.